Otto Jespersen

Jens Otto Harry Jespersen (Randers, 16 Julai 1860 – Roskilde, 30 Aprili 1943) alikuwa mwanaisimu kutoka nchini Denmark na mmoja wa mabingwa wakubwa wa sarufi ya Kiingereza. Alikuwa profesa wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Copenhagen kuanzia mwaka 1893 hadi 1925. Sarufi yake kubwa ya Kiingereza ilitolewa katika juzuu 7 kati ya miaka 1909 na 1949.

Jespersen anajulikana kwa kazi nyingi: fonetiki, historia ya lugha, ufundishaji wa lugha za kigeni, nadharia ya sarufi na uundaji wa lugha za kimataifa. Mchango wake unaowagusa wanafunzi wengi zaidi ni maelezo yake kuhusu nomino zinazohesabika na nomino zisizohesabika za Kiingereza, pamoja na maneno ya idadi na kiasi yanayoambatana nazo. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba Kiingereza husema *many books* lakini *much water* anatumia mgawanyo ambao Jespersen aliufafanua kwa kina mwanzoni mwa karne ya 20.

Utoto na masomo

Jespersen alizaliwa katika mji wa Randers kwenye rasi ya Jutland. Baba yake alikuwa hakimu, na katika ukoo wao kazi ya sheria ilikuwa ya kawaida. Wazazi wake wote wawili walifariki yeye akiwa bado kijana.

Alipokuwa mvulana alivutiwa na habari za Rasmus Rask, mwanaisimu mwenzake wa Denmark aliyeishi kabla yake. Kwa kutumia vitabu vya sarufi vya Rask alijifundisha mwenyewe Kiiceland, Kiitalia na Kihispania kwa kiasi fulani.

Mwaka 1877, akiwa na umri wa miaka 17, alijiunga na Chuo Kikuu cha Copenhagen ili kusomea sheria kama jamaa zake. Hata hivyo hakuacha kusoma lugha, na mwaka 1881 aliiacha sheria kabisa. Ili kupata riziki alifundisha shuleni kwa muda na kufanya kazi ya kuandika hotuba za wabunge kwa hati mkato katika Bunge la Denmark. Mwaka 1887 alipata shahada ya uzamili katika Kifaransa, huku Kiingereza na Kilatini vikiwa masomo yake ya ziada.

Mwaka 1887 na 1888 alisafiri Uingereza, Ujerumani na Ufaransa. Huko alikutana na wataalamu wa fonetiki kama Henry Sweet wa Uingereza na Paul Passy wa Ufaransa. Mwalimu wake Vilhelm Thomsen alimshauri ajikite katika Kiingereza. Jespersen alifuata ushauri huo, akarudi Copenhagen na kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu uhusika wa nomino za Kiingereza, ambayo aliitetea mwaka 1891. Miaka miwili baadaye alikuwa profesa.

Mageuzi ya ufundishaji wa lugha

Katika miaka ya 1880 shule nyingi za Ulaya zilifundisha lugha za kigeni kwa njia iliyotumika kufundishia Kilatini: mwanafunzi alikariri kanuni, kisha akatafsiri sentensi zisizohusiana. Jespersen aliipinga njia hiyo. Mwaka 1886, pamoja na wenzake August Western wa Norwei na J. A. Lundell wa Uswidi, alianzisha chama cha nchi za Skandinavia kilichoitwa Quousque Tandem kwa ajili ya kuleta mageuzi. Mwaka huohuo alimwandikia Passy akipendekeza alfabeti moja ya sauti itakayotumika kwa lugha zote. Wazo hilo liliendelezwa na kuwa Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa.

Mawazo yake kuhusu ufundishaji yalitolewa kwa Kidenmark mwaka 1901 na kwa Kiingereza mwaka 1904 katika kitabu *How to Teach a Foreign Language*. Alitaka mwanafunzi asikie lugha hai, asome habari zenye maana, na aigundue kanuni kutokana na mifano aliyokwisha kuielewa.

Sarufi kubwa ya Kiingereza

Kiingereza hakikuwa lugha ya mama ya Jespersen, lakini alikichunguza kwa muda wa zaidi ya miaka 50. Alipokuwa akisoma riwaya, tamthilia, magazeti au barua, alinakili sentensi kwenye vipande vya karatasi na kuvipanga kufuatana na mada. Vipande hivyo vilifikia maelfu mengi, na ndivyo vilivyokuwa msingi wa kazi yake kuu, *A Modern English Grammar on Historical Principles*.

Juzuu ya kwanza ya mwaka 1909 ilihusu sauti na tahajia. Humo alieleza badiliko kubwa la irabu ndefu za Kiingereza na kulipa jina ambalo bado linatumika. Badiliko hilo ni moja ya sababu za tahajia ya Kiingereza kutolingana na matamshi yake. Juzuu ya pili ilitoka mwaka 1914 na kuanza kushughulikia sintaksia, ikiwemo maana ya umoja na wingi.

Tofauti na waandishi wengi wa sarufi waliomtangulia, Jespersen hakutaka kuwaamulia wasemaji wa Kiingereza namna ya kusema. Alionyesha jinsi waandishi walivyotumia lugha katika karne mbalimbali, kisha akatafuta sababu zake. Alikataa pia kukipima Kiingereza kwa kipimo cha Kilatini.

Nomino zinazohesabika na zisizohesabika

Sarufi za zamani ziligawa nomino kufuatana na kile kinachotajwa: nomino za pekee, za kawaida, za jamii, za vitu kama maji na dhahabu, na za dhahania. Jespersen aliona kwamba kwa sarufi ya Kiingereza kuna swali lingine muhimu zaidi: je, neno linaleta akilini kitu chenye umbo na mipaka, kinachoweza kuhesabiwa kimoja kimoja?

Maneno kama *book*, *tree* na *day* yanaleta picha ya namna hiyo. Aliyaita maneno ya vitu vinavyohesabika. Maneno kama *water*, *butter* na *air* hayana mipaka hiyo. Ukiyagawa maji mara mbili, kila sehemu bado ni maji. Ukikigawa kitabu mara mbili hupati vitabu viwili. Kwa maneno ya aina hii ya pili alitumia istilahi yenye maana ya maneno ya tungamo.

Hatua yake muhimu ilikuwa kuonyesha kwamba mgawanyo huu haufuati mpaka kati ya vitu vinavyoshikika na mambo ya dhahania. Neno *music* halitaji kitu cha kushikika, lakini kisarufi linafanana na *water*. Kwa upande mwingine *idea* na *day* ni za dhahania lakini zinahesabika kama *book*. Hivyo mgawanyo wa wanaohesabika na wasiohesabika unakata katikati ya mgawanyo wa zamani.

Alieleza mada hii tena katika *The Philosophy of Grammar*, kitabu cha mwaka 1924 kilichotokana na mihadhara aliyotoa katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York mwaka 1909 na 1910. Humo alisema kwamba kimantiki maneno ya tungamo si ya umoja wala ya wingi. Lakini Kiingereza hakina umbo la tatu, kwa hiyo kila neno hulazimika kuvaa umbo mojawapo kati ya hayo mawili. Ndiyo maana ngano, *wheat*, ina umbo la umoja, lakini *oats* ina umbo la wingi, ingawa zote mbili ni nafaka za punje ndogo. Umbo na maana ni mambo mawili tofauti, na mtu anayetazama umbo peke yake atapotea.

Neno moja linaweza pia kuwa katika makundi yote mawili. *Stone* ni mawe kama mali ya ujenzi, lakini *a stone* ni jiwe moja. *Iron* ni chuma, lakini *an iron* ni pasi. *Paper* ni karatasi kwa jumla, lakini *a paper* linaweza kuwa gazeti. *Wine* ni mvinyo, lakini *wines* ni aina za mvinyo. Kwa hiyo kuhesabika ni suala la matumizi ya neno, wala si alama ya kudumu iliyobandikwa juu yake.

Historia ya Kiingereza inaonyesha jinsi neno linavyoweza kuhama kundi. Zamani njegere ziliitwa *pease*, neno lililotumika kama jina la chakula hicho kwa jumla. Kwa kuwa mwisho wake ulisikika kama alama ya wingi, wasemaji waliukata na kuunda umoja mpya, *pea*, yaani punje moja ya njegere.

Jespersen alitazama pia lahaja. Katika lahaja za magharibi mwa Jutland, na katika zile za kusini-magharibi mwa Uingereza, alionyesha kwamba viwakilishi na vioneshi hutofautisha kitu chenye umbo lake na kitu kisicho na mipaka. Wakulima waliozungumza lahaja hizo walizingatia katika mazungumzo ya kila siku tofauti ambayo wanasarufi wa mjini hawakuipa jina.

Maneno ya idadi na kiasi

Mgawanyo wa nomino unaonekana wazi zaidi katika maneno yanayotaja idadi au kiasi. Jespersen aliyatenga maneno haya na vivumishi vya sifa kama *good* au *red*, kwa kuwa hayasemi kitu kikoje bali yanasema ni kingapi au ni kiasi gani.

Katika Kiingereza *many*, *few* na namba hufuatana na nomino zinazohesabika zikiwa katika wingi: *many chairs*, *few chairs*, *three chairs*. *Much* na *little* hufuatana na zisizohesabika: *much rice*, *little rice*. Maneno kama *some*, *more*, *all* na *enough* hukubali makundi yote mawili. Mtu akitaka kuhesabu kitu kisichohesabika, hutafuta neno la kipimo au kipande: *a bottle of milk*, *two pieces of advice*.

Katika kitabu chake cha mwaka 1917 kuhusu ukanushi, Jespersen alifafanua tofauti ndogo inayowasumbua wanafunzi wengi. *Few* na *little* zikiwa peke yake zinaelekea kwenye kukanusha: zinamaanisha kwamba vitu havitoshi au karibu havipo. Zikitanguliwa na *a* zinaelekea kwenye kukubali: kipo kidogo, na huenda kinatosha. Mtu mwenye *few friends* anahurumiwa. Mwenye *a few friends* ana watu wa kumsaidia.

Jespersen alipanga pia maneno ya kiasi katika ngazi tatu: yale ya ukamilifu kama *all*, ya katikati kama *some*, na ya kutokuwepo kama *none*. Kwa mpango huo alieleza kinachotokea neno la ukanushi linapokutana na neno la kila ngazi. Kukanusha ukamilifu kwa kawaida hakuleti utupu, bali huturudisha katikati: kama si wote waliokuja, basi wapo waliokuja.

Mbinu yake ya kutafuta historia ilisaidia kupima kanuni za shuleni. Mfano ni *less* na *fewer*. Wengi hufundishwa kwamba *less* ni kosa mbele ya nomino inayohesabika. Lakini matumizi hayo yapo tangu maandishi ya Mfalme Alfred katika karne ya 9, na kanuni ya kuyaepuka ilianza na maoni ya mwandishi Robert Baker ya mwaka 1770 kuhusu lugha nzuri. Mwanafunzi anaweza kuifuata katika mtihani akijua kwamba asili yake ni upendeleo wa mtu mmoja.

Mgawanyo huu na Kiswahili

Katika maandishi yake kuhusu historia ya lugha, kuanzia *Progress in Language* ya mwaka 1894 hadi *Language* ya mwaka 1922, Jespersen aligusia upatanisho wa kisarufi katika lugha za Kibantu, akitumia mifano ya Kizulu. Mawazo yake kuhusu nomino yanaweza kusaidia kueleza kwa nini wasemaji wa Kiswahili hukosea mara kwa mara katika eneo hili la Kiingereza.

Kiswahili hutumia kivumishi kimoja, *-ingi*, kwa idadi na kwa kiasi: watu wengi, maji mengi, sukari nyingi. Msemaji wake hajazoea kuchagua kati ya *many* na *much*. Lakini si kweli kwamba Kiswahili hakitofautishi kabisa. Husemwa watu wachache, lakini sukari kidogo. Vikombe vingapi, lakini unga kiasi gani. Tofauti ipo, ila inaonekana mahali pengine.

Maneno kama maji, mafuta na maziwa yamo katika ngeli yenye umbo la wingi, ilhali unga na udongo yana umbo la umoja. Hayo ni sawa na yale Jespersen aliyoyasema kuhusu maneno ya tungamo: kitu kisichohesabika hulazimika kuvaa umbo lililopo.

Lugha hutofautiana pia katika kuamua ni nini kinahesabika. Kwa Kiswahili mtu anaweza kununua mahindi matatu, lakini kwa Kiingereza *maize* haihesabiki. Ushauri, samani na vifaa vinapotafsiriwa kuwa *advice*, *furniture* na *equipment*, wengi huongeza *s* ya wingi, jambo ambalo Kiingereza sanifu hakikubali. Kosa hilo halitokani na uzembe. Mwanafunzi anafikiria vitu vyenyewe, ambavyo kweli vinaweza kuhesabiwa, wakati Kiingereza kinavitazama kama tungamo moja.

Lugha za kimataifa na miaka ya mwisho

Jespersen aliamini kwamba lugha saidizi ya kimataifa ingepunguza kutoelewana kati ya mataifa. Mwaka 1907 alikuwa mjumbe wa kamati iliyokutana mjini Paris kuchagua lugha hiyo, na akaunga mkono Ido, lugha iliyotokana na Esperanto. Mwaka 1928 alitangaza lugha aliyoibuni mwenyewe, Novial, lakini haikupata wasemaji wengi.

Katika mwaka wa masomo wa 1920–1921 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Alistaafu mwaka 1925 lakini hakuacha kuandika. Mwaka 1933 alitoa *Essentials of English Grammar*, muhtasari wa kitabu kimoja kwa wanafunzi, na mwaka 1936 alikuwa rais wa Kongamano la Nne la Kimataifa la Wanaisimu lililofanyika Copenhagen. Alipewa shahada za heshima na vyuo vikuu vya Columbia, St Andrews na Sorbonne. Mwaka 1938 alichapisha habari za maisha yake mwenyewe kwa Kidenmark.

Mwezi Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Denmark. Jespersen, aliyekuwa karibu kutimiza miaka 80, aliendelea na sarufi yake. Juzuu ya tano ilitoka mwaka huo wa 1940, na ya sita mwaka 1942 kwa msaada wa wataalamu vijana. Alifariki Roskilde mwaka 1943, nchi ikiwa bado chini ya majeshi ya Ujerumani, kabla ya kuimaliza kazi aliyoianza zaidi ya miaka 30 nyuma. Niels Haislund, aliyekuwa msaidizi wake, alikamilisha juzuu ya saba, nayo ikatolewa mwaka 1949.

Athari na ukosoaji

Mgawanyo wa nomino aliouweka Jespersen ulichukuliwa na wengi, ingawa istilahi zilibadilika. Mwanaisimu wa Marekani Leonard Bloomfield aliujadili mwaka 1933. Paul Christophersen, mmoja wa waliomsaidia Jespersen katika juzuu ya sita, aliutumia mwaka 1939 kueleza maneno *a* na *the*. Baadaye alikuwa profesa wa Kiingereza mjini Ibadan, Nigeria. Mwanafalsafa W. V. Quine aliuingiza katika mijadala ya mantiki mwaka 1960. Kamusi za wanafunzi, zikiongozwa na ile ya A. S. Hornby iliyotolewa Japani mwaka 1942, zilianza kuweka alama ya C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika. Alama hizo zimo hadi leo katika kamusi zinazotumiwa shuleni Afrika Mashariki.

Noam Chomsky naye alimtaja Jespersen kama mtu aliyeuliza mapema swali la msingi: jinsi mtoto anavyopata, kutokana na sentensi anazosikia, uwezo wa kuunda sentensi mpya.

Baadhi ya mawazo yake hayakubaliki tena. Aliamini kwamba lugha husonga mbele kwa kupunguza viambishi, hivyo akakiona Kiingereza kuwa kimeendelea zaidi, na upatanisho wa Kibantu kuwa dalili ya hatua ya zamani. Wanaisimu wa leo hawaoni sababu ya kuzipanga lugha kwa ngazi namna hiyo. Upatanisho wa ngeli humsaidia msikilizaji kufuatilia nani amefanya nini. Sura yake kuhusu lugha ya wanawake katika kitabu cha mwaka 1922 imekosolewa pia kwa kutegemea dhana za jamii ya wakati wake kuliko uchunguzi.

Hata hivyo sarufi yake kubwa bado hutumiwa na watafiti kwa wingi wa mifano yake, na maelezo yake kuhusu kinachohesabika na kisichohesabika yamebaki kuwa mahali pa kuanzia kwa kila anayefundisha au kujifunza Kiingereza.